Uzalishaji wa umeme kwenye boti za injini

Uzalishaji wa umeme kwenye boti za injini ni kazi ya kupata, kuhifadhi na kugawa nguvu ya umeme ndani ya chombo kidogo cha majini kinachoendeshwa kwa injini ya petroli au dizeli. Umeme huo hutumika kuwashia injini, kutoa mwanga, kuendesha pampu ya kutoa maji yaliyoingia chomboni, kuchaji simu na redio ya mawasiliano, na katika uvuvi wa dagaa kuwavuta samaki usiku. Vyanzo vyake vikuu ni vinne: koili au altaneta iliyofungwa kwenye injini yenyewe, jenereta ndogo ya petroli, paneli za jua, na betri inayochajiwa nchi kavu.

Hakuna chanzo kilicho bora kwa kila boti. Swali la kwanza ni hili: injini inazunguka saa ngapi kwa siku, na umeme unatumika saa ngapi? Boti ambayo injini yake inafanya kazi kutwa na taa zake huwaka kidogo ina jibu moja. Boti ambayo injini huzimwa na taa zikawaka hadi alfajiri ina jibu jingine kabisa. Makala hii inaeleza jambo hilo kwa mifano ya Ziwa Viktoria upande wa mkoa wa Mara, Tanzania.

Mkoa wa Mara na ziwa

Wilaya ya Tarime ilifika ziwani hadi mwaka 2007, wilaya ya Rorya ilipotengwa nayo. Mialo ya Shirati, Sota na Kinesi ambayo wazee bado huiita ya Tarime iko Rorya siku hizi. Wilaya ya Serengeti, yenye makao makuu Mugumu, haina pwani ya ziwa. Maji yake makubwa ni mto Mara, unaotoka Kenya, ukapita kati ya Serengeti na Tarime, kisha chini ya daraja la Kirumi na kuingia ziwani karibu na Musoma. Hata hivyo wilaya hizi mbili haziko mbali na habari ya boti. Barabara kuu ya Musoma hadi Sirari hupitia Tarime mjini, na vifaa vya sola na betri hupita na kuuzwa njiani humo. Tena nyumba ya kijijini isiyofikiwa na nguzo za TANESCO hutumia mfumo uleule wa volti 12 unaotumika kwenye boti, kwa hiyo fundi wa Mugumu anayefunga sola kwenye paa la bati anajua nusu ya kazi. Nusu ya pili ndiyo inayoua watu: boti hutikisika, hulowa, na betri yake hukaa hatua moja tu kutoka kwenye dumu la petroli.

Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi na uso wake uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Usiku hewa ya nchi kavu hupoa na kusukumwa kuelekea ziwani, na hapo hukutana na hewa yenye unyevu iliyo juu ya maji ya vuguvugu. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za ziwa hili hutokea usiku na alfajiri, saa zilezile ambazo wavuvi wa dagaa wako kazini. Boti iliyoishiwa umeme wakati huo haionekani na vyombo vikubwa, haiwezi kupiga simu, na kama injini yake huwashwa kwa betri tu, haiwezi kurudi.

Mahitaji ya boti mbili tofauti

Chukua kwanza boti ya dagaa. Huondoka mwaloni jioni, injini ikafanya kazi dakika 40 au saa moja, kisha ikazimwa. Taa huwekwa juu ya vielea na kusambazwa majini, zikawaka hadi karibu na alfajiri. Injini huwashwa tena kwa kuhama na kwa kurudi. Jumla ya mwendo wa injini inaweza kuwa saa moja na nusu au mbili, na jumla ya mwanga ni saa 9.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na karabai. Karabai moja hunywa lita moja ya mafuta ya taa kwa usiku au zaidi, na mzigo ulikua pale serikali ilipopandisha sana ushuru wa mafuta ya taa katika bajeti ya 2011/12 ili kuzuia uchakachuaji wa dizeli. Taa za LED zilipata soko kwa sababu hiyo kuliko kwa mahubiri yoyote ya mazingira. Upande wa Kenya kampuni ya Osram ya Ujerumani ilikwisha kuanzisha huko Mbita, mwaka 2008, kituo cha kuchaji taa kwa nguvu ya jua na kuwakodishia wavuvi.

Tuseme boti ina taa 6 za LED, kila moja wati 10. Hizo ni wati 60, na kwa saa 9 ni wati-saa 540. Ukigawa kwa volti 12 unapata ampea-saa 45. Mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kufanya hesabu hii, lakini nani huifanya kabla ya kwenda dukani? Mtu hununua betri kwa ukubwa wa mfuko, kisha anashangaa taa kufifia saa 8 usiku.

Boti ya abiria ina hali nyingine. Boti inayokwenda kisiwani Rukuba na kurudi Musoma, au inayozunguka mialo ya Rorya, injini yake inaweza kuwaka saa 5 au 6 kwa siku, mchana. Mahitaji yake ni kuwasha injini, pampu, redio, simu za abiria na taa za kuonyesha chombo ikichelewa. Hayo yote pamoja ni machache kuliko yale ya taa za dagaa.

Kivuko na meli ni jambo la tatu, na halihusu sana makala hii. Chombo kama kivuko MV Musoma, kinachovusha watu kati ya Mwigobero na Kinesi, au meli kama MV Victoria iliyoanza kazi mwaka 1961, hubeba jenereta za dizeli zilizo mbali na injini za kusukuma, pamoja na mafundi wa kuziangalia.

Umeme wa injini

Injini nyingi za kufunga nyuma, ambazo wavuvi huziita mashine tu, zina sumaku zinazozunguka pamoja na gurudumu la juu. Sumaku hizo zinapopita mbele ya koili huzalisha umeme, kwa kanuni ileile ya Michael Faraday ya mwaka 1831. Koili moja hutoa cheche ya plagi. Nyingine, kama ipo, hutoa umeme wa taa au wa kuchaji. Maneno "kama ipo" yana uzito. Mashine nyingi za nguvu-farasi 15 za kuvuta kamba huuzwa bila koili hiyo, au huwa nayo bila kifaa cha kugeuza mkondo geu kuwa mkondo wa kuelekea upande mmoja. Bila kifaa hicho betri haichajiki.

Mashine ndogo ikiwa na kila kitu hutoa ampea 5 hadi 10, tena kwa mwendo wa kasi. Ikinguruma taratibu hutoa kidogo sana. Turudi kwa boti yetu ya dagaa: ampea 6 kwa saa moja na nusu ni ampea-saa 9, yaani sehemu moja ya tano ya zile 45 zinazohitajika. Kuiacha mashine iwake bure majini ili ichaji betri ni kuchoma petroli ya nguvu-farasi 15 kwa ajili ya wati 70.

Injini ya dizeli iliyofungwa ndani ya boti ina habari tofauti. Huendesha altaneta kwa mkanda kama gari, na altaneta ya ampea 50 hurudisha ampea-saa 45 kwa muda usiozidi saa mbili za safari, hata ukihesabu kwamba betri hupokea polepole inapokaribia kujaa. Kwa boti ya abiria yenye injini ya namna hiyo hakuna haja ya chanzo kingine. Pesa ya paneli afadhali inunue mkanda wa akiba na betri ya pili. Jambo moja mafundi wa magari hulijua na waendesha boti husahau: betri haifunguliwi injini ikiwa inazunguka. Volti hupanda ghafla na kuunguza daiodi za altaneta.

Jenereta ya petroli

Jenereta ndogo ya kilowati moja inavutia kwa kuwa inauzwa kila mahali na hutoa volti 230 kama za nyumbani. Pwani ya bahari, ambako nyavu za kuzungushia dagaa hutumia taa zenye nguvu kubwa, ina nafasi yake. Kwa taa 6 za wati 10 ni kutumia nyundo kuulia inzi. Jenereta inayobeba mzigo wa wati 60 peke yake bado hunywa lita 2 au 3 kwa usiku mzima, maana sehemu kubwa ya petroli huishia kujizungusha yenyewe.

Gharama si hoja kubwa kuliko zote. Moshi wa jenereta una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Boti yenye turubai au kibanda, watu wamelala chini yake na jenereta inanguruma karibu, inaweza kuwa kaburi bila mtu kuamka. Mvuke wa petroli nao ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini ya chombo na kusubiri cheche. Na volti 230 mahali pa maji haina huruma. Mwenye kulazimika kutumia jenereta aiweke wazi upande ambao upepo unapeleka moshi nje, aizime kabla ya kuongeza mafuta, na asiifungie kwenye kibanda hata mvua ikinyesha.

Nguvu ya jua

Musoma iko digrii moja na nusu tu kusini mwa ikweta. Kwa vitabu vya Ulaya paneli lazima iinamishwe kuelekea jua. Hapa jua la mchana hupita karibu na utosi mwaka mzima, na paneli iliyolazwa bapa juu ya kibanda au juu ya fremu ya mabomba hupoteza kidogo sana. Hiyo ni faida kubwa kwa boti, ambayo hugeuka kila upande. Kivuli ni adui mkubwa zaidi. Nguzo, nyavu zilizoanikwa au shati la mvuvi likifunika kona moja ya paneli huweza kuangusha nguvu yake kwa kiasi kikubwa kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe, kwa kuwa seli zimeunganishwa mfululizo.

Tukichukua saa 5 za jua kamili kwa siku, na kutoa sehemu ya tatu kwa ajili ya joto, vumbi, nyaya na betri, paneli ya wati 100 huleta wati-saa 330 hivi. Boti ya dagaa yenye mahitaji ya 540 itataka paneli ya wati 160 hadi 200, na afadhali 200 kwa ajili ya mawingu ya masika. Kati ya paneli na betri lazima kuwe na kidhibiti cha chaji, ambacho mafundi hukiita kontrola. Bila hicho betri huchemka mchana, na usiku huweza kurudisha umeme kwenye paneli.

Kuna njia ya nne iliyo rahisi kuliko zote, nayo hutumiwa na wengi: paneli hubaki nchi kavu. Boti ya dagaa hulala mwaloni mchana. Paneli iliyo juu ya paa haiibiwi kirahisi, haivunjwi na nanga, na betri au taa hubebwa kwenda kuchajiwa na kurudishwa jioni. Ambapo nguzo za TANESCO zimefika mwaloni, chaja ya ukutani hufanya kazi hiyo hata siku za mvua. Kwa boti inayorudi mwalo uleule kila asubuhi, hii ndiyo njia ya kuanzia. Paneli chomboni huwafaa wanaohama kambi, au wanaokaa visiwani siku nyingi.

Betri

Chanzo chochote kikichaguliwa, betri ndiyo inayofanya kazi ya usiku, na ndiyo hufa mapema. Betri ya gari imetengenezwa itoe mkondo mkubwa kwa sekunde chache ili kuzungusha injini. Ikikamuliwa polepole hadi mwisho kila usiku, haimalizi muda mrefu. Betri ya sola ina mabamba mazito zaidi na huvumilia, lakini hata hiyo haifai kushushwa chini ya nusu. Kwa hiyo ampea-saa 45 zinahitaji betri ya ampea-saa 100. Betri za lithiamu na fosfati ya chuma huruhusu kutumia asilimia 80 au zaidi, ni nyepesi, na bei yake ni kubwa. Zinahitaji kontrola iliyopangwa kwa aina hiyo.

Wanaotumia betri ndogo kwa kila taa wafanye hesabu ileile. Taa ya wati 10 kwa saa 9 ni ampea-saa 7.5. Betri ya pikipiki ya ampea-saa 7 inafikia nusu baada ya saa 4 hivi, na kilichobaki hukamuliwa kwa gharama ya uhai wa betri. Kwa taa hiyo inafaa betri ya ampea-saa 15.

Hali ya betri ya asidi hujulikana kwa kipima volti cha bei ndogo. Ikipumzika saa chache bila kuchajiwa wala kutumiwa, volti 12.7 ni kujaa, 12.2 ni nusu, na chini ya 12 ni hatari.

Mwezi nao una sehemu yake. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa kuwa mbalamwezi huvunja nguvu ya taa. Siku za mwezi mpevu boti hupumzika, watu hushona nyavu, na betri huachwa pembeni ikiwa nusu tupu. Hapo ndipo inapoharibika. Betri ya asidi ikikaa bila chaji, salfeti ya risasi hugandamana kwenye mabamba na haitoki tena. Betri inapaswa ijazwe siku ya kwanza ya mapumziko na iguswe tena kabla ya kurudi ziwani. Wengi hulaumu kiwanda kwa kosa la wiki moja hiyo.

Boti yenye injini ya kuwashwa kwa umeme inahitaji betri mbili zisizochangia mzigo: moja ya kuwashia injini, nyingine ya taa. Mota ya kuwashia hutaka ampea 100 au zaidi kwa muda mfupi, na betri iliyowasha taa usiku kucha haiwezi. Kama mfuko unaruhusu betri moja tu, mashine ya kuvuta kamba ina usalama zaidi.

Nyaya na usalama

Umeme wa volti 12 haupigi mtu, kwa hiyo hudharauliwa. Lakini betri ya ampea-saa 100 ikiguswa na waya wa njia fupi hutoa mkondo wa kuyeyusha waya na kuwasha ubao. Fyuzi iwekwe kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri, si mwisho wa waya karibu na taa. Betri ifungwe kwa mikanda ndani ya sanduku lenye kifuniko na matundu ya hewa, maana wakati wa kuchaji hutoa hidrojeni, na mbali na tangi la petroli.

Waya mwembamba hula umeme. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, mita 10 kwenda na 10 kurudi, ukibeba ampea 5 hupoteza volti 0.7. Taa iliyopangiwa volti 12 inapata 11.3. Ukitumia milimita mraba 6 upotevu ni chini ya 0.3. Viungo vya kusokota kwa mkono na kufunika kwa mpira wa baiskeli huota kutu ya kijani katika miezi michache, hata kwenye maji baridi ya ziwa. Zanzibar, Mafia na Kilwa, ambako maji ni ya chumvi, ni wiki chache. Viungo vibanwe kwa kifaa chake, vipakwe grisi, na viwe juu ya mahali maji yanapotuama.

Kanuni za uvuvi huweka masharti kuhusu taa, nayo hubadilishwa. Mvuvi amuulize ofisa uvuvi wa mwalo wake kabla ya kununua taa kubwa.

Injini za umeme

Kuendesha boti yenyewe kwa umeme ni jambo linalojadiliwa sana. Kuzunguka Mbita, Kenya, injini za umeme zimeanza kutumiwa na wavuvi kwa kukodishwa, betri zikichajiwa kwenye vituo vya jua nchi kavu. Ugumu uko kwenye ukubwa wa nguvu. Nguvu-farasi 15 ni kilowati 11, na betri moja ya volti 12 ya ampea-saa 100 imebeba kilowati-saa 1.2 tu. Kwa saa moja ya mwendo kamili zingehitajika betri 9 zikikamuliwa hadi tone la mwisho, au karibu 20 za asidi zikitumiwa nusu. Kwa hiyo injini hizo hutumia betri za lithiamu, hupunguzwa nguvu na mwendo, na hufaa safari fupi za kutoka na kurudi mwalo mmoja, safari ambazo boti nyingi za dagaa hufanya.